Mdhamini ni mdaiwa, walimu tusijidanganye

Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Waliponena hayo yamkini walikuwa na watu wawili tu akilini, mkopaji na mkopeshaji. Hawakumtaja mtu wa tatu, ambaye harusini hakualikwa wala wali hakuuonja, lakini matanga yanapoanza ndiye anayebishiwa mlango usiku. Mtu huyo ni mdhamini. Mimi mwenyewe nimewahi kuibeba kazi hiyo kwa miezi 16, na leo ningependa kueleza yaliyonipata, kwa kuwa nina hakika kwamba katika chumba fulani cha walimu, hivi sasa unaposoma makala haya, kuna fomu inayopitishwa kutoka meza hadi meza.

Ninafundisha Kiswahili katika shule moja huko Kawangware, na makazi yangu ni Kibera, upande wa Olympic. Kila asubuhi huifuata barabara ya Ngong hadi Dagoretti Corner, kisha nikaishika barabara ya Naivasha. Katika njia hiyo nimeyafikiria mengi, na kwa muda mrefu jambo nililolifikiria zaidi lilikuwa sahihi yangu.

Ilikuwa Februari mwaka wa 2009, wakati wa mapumziko ya saa nne. Mwenzangu mmoja, mwalimu mcheshi ambaye hata leo siwezi kusema kwamba alikuwa mtu mbaya, aliingia na fomu ya mkopo wa shilingi 300,000 kutoka chama chetu cha akiba na mikopo. Akiba yake ilikuwa shilingi 100,000, na chama kilikuwa kikikopesha mara tatu ya akiba ya mwanachama. Alihitaji wadhamini wanne, kila mmoja wa shilingi 75,000. Wawili walikuwa wamekwisha kutia sahihi. "Mwalimu, nisaidie hapa," akasema, huku kidole chake kikinionyesha mstari. Nikaandika jina langu, nambari ya kitambulisho na nambari ya TSC, nikatia sahihi, nikairudia chai yangu. Haikuwa imepoa.

Fomu ile ilikuwa na kurasa tatu. Mimi nilisoma mstari mmoja. Ajabu ni kwamba kipindi kilichofuata nilikuwa na darasa la nane, na nakumbuka vyema kwamba nilimkaripia mwanafunzi kwa kujibu maswali ya ufahamu kabla ya kukisoma kifungu.

Mwenzangu alilipa vizuri kwa miezi kadhaa, kwa kuwa mshahara ulikuwa ukikatwa kabla haujamfikia. Kisha akaacha kazi. Ilisemekana kuwa ameelekea Juba, ambako wakati huo watu wengi kutoka hapa nchini walikuwa wakitafuta riziki. Mshahara ulipokoma, makato nayo yakakoma. Chama kilimwandikia barua bila kupata jibu. Kikaichukua akiba yake yote na kuiondoa katika deni, ambalo pamoja na riba lilikuwa limebaki shilingi 220,000. Zikabaki 120,000. Hesabu ya haraka ya mwalimu yeyote ingetoa shilingi 30,000 kwa kila mdhamini. Lakini mmoja wetu hati yake ya mshahara ilikuwa imejaa makato hadi kikomo, hivi kwamba hapakuwa na senti ya kuchukuliwa. Fungu lake likagawanywa kati yetu watatu. Nikaanza kukatwa shilingi 2,500 kila mwezi, kuanzia Machi mwaka wa 2010 hadi Juni mwaka wa 2011. Jumla yake ni shilingi 40,000.

Nilikwenda katika afisi za chama nikiwa nimejaa hasira na ufasaha. Nikamweleza karani kwamba mimi sikukopa, kwamba fedha zile sikuziona kwa macho, na kwamba hata kama ningewiwa, fungu langu lingekuwa 30,000 wala si 40,000. Karani, binti mpole ambaye yaelekea aliwahi kuwasikiliza walimu wengi wa aina yangu, aliitoa ile fomu, akaifungua ukurasa wa pili na kuniomba nisome. Pale palikuwa pameandikwa kwamba wadhamini watawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Maneno hayo yana maana moja tu. Mkopeshaji anaweza kutudai sote, au akamchagua mmoja ambaye mfuko wake una kitu, akamdai kiasi chote hadi kikomo cha dhamana yake. Kikomo changu kilikuwa shilingi 75,000. Kwa hivyo, kisheria, nilikuwa nimeponea.

Nirudi kidogo katika somo langu, kwa maana nashuku kwamba lugha yenyewe hutupotosha. Neno mdhamini limebebeshwa mizigo mingi. Tajiri anayeinunulia timu ya mtaa jezi twamwita mdhamini. Wazee wanaotunza mali ya msikiti au kanisa twawaita wadhamini. Katika mahakama ya Kibera, mtu anayeahidi kwamba mshtakiwa atafika siku ya kesi naye ni mdhamini. Hata anayeandika kwamba fulani ni kijana mwenye tabia njema, anayestahili kuajiriwa, watu humwita vivyo hivyo. Basi mwalimu anapoombwa kumdhamini mwenzake, moyoni mwake huelewa kwamba anaombwa kutoa ushahidi wa tabia: je, huyu ni mtu mwema? Naam, ni mtu mwema, na sahihi inatiwa. Lakini swali la fomu halikuwa hilo. Neno dhamana tumelipata kutoka Kiarabu, na huko, katika mambo ya mali, tangu zamani limekuwa na maana ya kulibeba deni au hasara ya mtu mwingine. Fomu inauliza: je, huyu asipolipa, wewe utalipa kiasi gani?

Wazee wa Makina, wajukuu wa wale askari Wanubi ambao Kibera ilikuwa makao yao kabla ya sisi sote, watakukumbusha kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile inayoagiza kwamba deni liandikwe na lishuhudiwe. Nao wanaosoma Biblia wanajua kwamba Mithali inamwonya mara kadhaa anayejifunga kwa ajili ya deni la jirani. Yaani si kwamba hatukuambiwa.

Sasa sheria ya Kenya yasemaje? Kwanza inamtofautisha mkopaji mwenza na mdhamini. Mkopaji mwenza ni yule anayetia sahihi mahali pa mkopaji. Deni ni lake tangu siku ya kwanza, hata kama fedha zote zilikwenda kwa mwenzake. Deni la mdhamini limelala, likisubiri mkopaji akosee. Lakini likiamka linaamka zima. Wengi wetu tunadhani kwamba mkopeshaji analazimika kwanza kumwandama mkopaji, amshtaki, auze mali yake, na akishindwa kabisa ndipo aje kwetu. Wakati wa fomu yangu haikuwa hivyo. Katika sheria ya mikataba tuliyoirithi kutoka Uingereza, ambayo Sura ya 23 ya Sheria za Kenya inaikubali kuwa msingi, mara tu mkopaji alipokosa kulipa, mkopeshaji alikuwa na hiari ya kumgeukia mdhamini moja kwa moja, isipokuwa kama mkataba wenyewe ulisema vinginevyo. Nayo mikataba inayochapishwa na wakopeshaji ni nadra kusema vinginevyo. Kutosoma si kinga pia. Ukitia sahihi hati bila kudanganywa wala kushurutishwa, mahakama hukuchukulia kuwa umeyakubali yaliyomo.

Kuna hata hivyo kifungu kimoja katika Sura hiyo ya 23 ambacho ningependa kila mwanafunzi akijue. Ni kifungu cha 3, kinachosema kwamba huwezi kushtakiwa kwa ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine isipokuwa ahadi hiyo, au kumbukumbu yake, iwe imeandikwa na wewe uwe umeitia sahihi. Asili yake ni sheria iliyopitishwa London mwaka wa 1677, wakati wa Mfalme Charles wa Pili, kwa sababu watu walikuwa wakishtakiana kwa ahadi zilizotolewa kwa mdomo na kuthibitishwa na mashahidi wa uongo. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba ugomvi wa wafanyabiashara wa Kiingereza wa karne ya 17 ndio unaomlinda leo mkazi wa Gatwekera.

Lakini tahadhari. Tuseme umesimama na jirani yako mbele ya duka moja huko Kawangware, karibu na kituo cha 46. Jirani anahitaji unga na sukari, na hana fedha. Ukimwambia mwenye duka, "Mpe, asipokulipa nitakulipa," umetoa dhamana, na dhamana ya mdomo haina nguvu mahakamani. Ukisema, "Mpe, nitakulipa," hapo hukumdhamini mtu. Umenunua. Deni ni lako wewe, halihitaji maandishi, na mwenye duka anaweza kukushtaki kesho. Neno moja, asipokulipa, ndilo linalozitenganisha kesi mbili. Hiyo ndiyo faida ya sarufi ambayo wanafunzi wangu hunidai kila siku niwaonyeshe.

Nilipokuwa bado ninakatwa mshahara, nilimtembelea jirani yangu mmoja, mama anayeuza nguo za mitumba katika soko la Toi. Nilitaka tu mtu wa kumlalamikia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo lilinifedhehesha: "Baba, mlikuwa mkikutana siku gani?" Sikumwelewa. Akaniuliza tena, sisi wadhamini wanne na mkopaji wetu tulikuwa tukikutana siku gani ya wiki kuangalia deni. Nikamjibu kwamba hatukuwahi kukutana hata siku moja. Wawili kati yao sikuwajua kwa sura. Mmoja alikuwa akifundisha Kangemi na mwingine Riruta. Mama akanitazama kama nilivyomtazama yule mwanafunzi wa ufahamu.

Yeye alikuwa mwanachama wa kikundi cha mikopo, na utaratibu wa vikundi hivyo una historia yake hapa Kibera. Shirika la K-Rep, lililoanzishwa mwaka wa 1984, ndilo lililouleta katika mpango ulioitwa Juhudi, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa ukiendeshwa papa hapa Kibera. Ulifuata mfano wa benki ya Grameen, ambayo Profesa Muhammad Yunus aliianzisha nchini Bangladesh. Wakopaji walijiunga watu watano watano, na kikundi chenyewe kikaitwa watano. Watano kadhaa waliunganishwa wakafanya kundi kubwa zaidi lililoitwa KIWA. Walikutana kila wiki, wakaweka akiba, wakarejesha mikopo mbele ya macho ya wenzao. Mmoja akikosa kulipa, wenzake walitakiwa kuliziba pengo, la sivyo mikopo yao wenyewe ilikuwa hatarini. Mwaka wa 1999 K-Rep ilipata leseni ya kuwa benki, na mwaka wa 2016 benki hiyo ikabadili jina na kuitwa Sidian. Majina yamebadilika, lakini desturi ya kukutana, kuhesabu na kudhaminiana imebaki katika vyama vingi vya akina mama, Kibera na Kawangware pia.

Sababu ya utaratibu huo kuota mizizi hapa si vigumu kuiona. Mabenki yalizoea kudai hati ya shamba au nyumba, na wengi wa wakazi wa Kibera hawana hati ya ardhi wanayoikalia. Jamii ya Wanubi yenyewe ilisubiri hadi mwaka wa 2017 ndipo ikapewa hatimiliki ya ekari 288, baada ya kuishi hapo kwa zaidi ya karne moja. Asiye na shamba la kuweka rehani huweka watu. Na kwa kuwa wanajua kwamba wamewekwa rehani, akina mama hao hawafanyi mzaha. Kabla hawajamkubali mtu wanajua anauza nini, anauza wapi, mumewe ni mlevi wa kiasi gani na kodi ya nyumba amelipa hadi mwezi gani. Akina mama ambao baadhi yao hawakumaliza darasa la saba wanaielewa sheria ya dhamana kuliko chumba kizima cha walimu wenye vyeti. Sisi twatumia mkato wa mshahara. Twauamini kwa sababu haugombani na mtu wala haukosei tarehe, nao umetuzoeza kudhani kwamba deni hujilipa lenyewe. Mshahara ukikoma, hatujui hata mkopaji wetu anaishi wapi.

Nisiwasifu kupita kiasi. Ukali huo una upande wake mchungu. Huko Kawangware nimeona kwa macho yangu kundi la watu likitoka katika nyumba ya mwenzao na televisheni, viti na godoro, huku watoto wakitazama kutoka mlangoni. Wenyewe huona kwamba ni haki yao, kwa kuwa wasipochukua watalipa wao. Lakini deni peke yake halimpi mtu ruhusa ya kuingia nyumbani mwa mwenzake na kubeba vyombo. Lazima pawe na amri ya mahakama, au pawe na mkataba ambamo mwenye mali aliviweka vitu hivyo kuwa dhamana, jambo ambalo sasa linaongozwa na sheria ya mwaka wa 2017 kuhusu mali inayohamishika. Dalali naye lazima awe na leseni chini ya sheria ya madalali ya mwaka wa 1996, na kwa mali ya nyumbani hutakiwa kumpa mdaiwa ilani ya siku saba. Hata mahakama ikiwa imeamuru mali ya mdaiwa ikamatwe, Sura ya 21, kifungu cha 44, inakataza kumnyang'anya nguo zake za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko. Godoro lile nililoliona Kawangware halikupaswa kuondoka.

Mwalimu aliyeajiriwa ana kinga nyingine, nayo ni kwamba chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 19, makato yote kwa jumla hayapaswi kuzidi thuluthi mbili za mshahara. Ni kinga njema. Ndiyo iliyomkinga yule mdhamini mwenzetu ambaye hati yake ilikuwa imejaa. Ila kinga hiyo ina makali pande zote mbili, na mimi nilikatwa na upande wa pili.

Mapema mwaka wa 2011 binti yangu alipata nafasi ya kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Nilikwenda kuomba mkopo wa karo, mdogo tu, kwa uhakika wa mtu aliyeweka akiba miaka 12. Karani aliitazama hati yangu ya mshahara. Kwa yale makato ya shilingi 2,500, mkopo mpya ungenishusha chini ya thuluthi moja inayotakiwa kubaki. Isitoshe, sehemu ya akiba yangu ilikuwa imefungwa na dhamana ile. Nikaambiwa nisubiri hadi Juni. Shule hazisubiri Juni. Binti yangu aliripoti wiki tatu baada ya wenzake, baada ya mjomba wake kuuza ng'ombe. Hakuniuliza kitu. Hadi leo hajaniuliza, na pengine akisoma makala haya ndipo atakapojua kwamba ng'ombe wa mjomba aliuzwa kwa sababu ya sahihi niliyoitia kabla chai haijapoa.

Je, mdhamini hana haki yoyote? Anazo, na nasikitika kwamba nilizijua zikiwa zimechacha. Anayelipa deni la mwingine ana haki ya kumdai mkopaji kila senti aliyoilipa. Aliyelipa zaidi ya fungu lake ana haki ya kuwadai wadhamini wenzake tofauti hiyo. Kanuni hii ilikatwa katika kesi mashuhuri ya Uingereza ya mwaka wa 1787, na mantiki yake ni ya haki tupu, kwamba mzigo wa wengi usimwelemee mmoja. Kwa hivyo zile shilingi 10,000 zilizozidi katika fungu langu zilikuwa na njia ya kurudi. Tena, ikiwa mkopeshaji na mkopaji watabadilisha jambo la maana katika mkataba bila idhini ya mdhamini, mathalani wakaongeza kiasi cha mkopo, kwa kawaida mdhamini huwa huru. Nasema kwa kawaida kwa sababu fomu nyingi huwa na mstari mahali fulani unaomfanya mdhamini aikubali mapema mabadiliko yoyote yatakayofanywa. Mstari huo utafute kabla hujaishika kalamu.

Pa kudai pia papo. Mabishano kati ya wanachama wa chama cha ushirika, au kati ya mwanachama na chama chake, hupelekwa katika Baraza la Ushirika lililowekwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka wa 1997, kifungu cha 76. Kwa madeni mengine ambayo hayazidi shilingi 1,000,000, tangu Aprili mwaka wa 2021 kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzia Milimani hapa Nairobi, ambako mtu anaweza kujitetea bila wakili na kesi hutarajiwa kuamuliwa katika siku 60. Lakini sheria haimngoji anayesinzia. Madai yanayotokana na mkataba hufa baada ya miaka 6. Makato yangu ya mwisho yalikuwa Juni mwaka wa 2011, kwa hivyo mlango wangu ulifungwa Juni mwaka wa 2017. Katika miaka hiyo yote sita sikuandika hata barua moja ya madai. Mwanzoni nilimngoja mwenzangu arudi. Baadaye niliona haya. Ningewezaje kumshtaki mtu ambaye tulikula naye mandazi? Wengi wetu, nadhani, haki zetu hupotelea katika haya hizo.

Nigusie kidogo suala la ardhi, maana walimu wengi tuna kipande cha shamba mashambani. Ikiwa mtu anakuomba hatimiliki yako iwe dhamana ya mkopo wake, jua kwamba nyumba mnamoishi kama mume na mke haiwezi kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzako wa ndoa. Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012, kifungu cha 79, yasema hivyo. Binafsi nashukuru. Nina hakika kwamba kama fomu ile ya mwaka wa 2009 ingehitaji idhini ya mke wangu, hadithi hii isingekuwapo.

Mwaka wa 2019, jioni moja, mlango wangu ulibishwa na kijana niliyewahi kumfundisha. Alilelewa na nyanya yake huko Laini Saba, na alikuwa amepata nafasi ya chuo kikuu. Mkononi alikuwa na fomu ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ile bodi iliyoundwa mwaka wa 1995. Fomu ilikuwa na nafasi ya wadhamini wawili. Nyanya alikuwa ametia kidole gumba. Nafasi ya pili ilikuwa tupu. "Mwalimu, nisaidie hapa," akasema, na nakiri kwamba niliposikia maneno hayo nilitaka kuufunga mlango.

Nilimkaribisha ndani. Nikamwambia kwamba tutaisoma fomu yote, kwa sauti, yeye akisoma na mimi nikifuata kwa kidole. Tulikaa hadi saa tatu usiku. Aliposoma kwamba riba ni asilimia 4 kwa mwaka alifurahi. Tulipofika mahali pa adhabu ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi wa kutolipa, alinyamaza. Akaniuliza kama nyanya yake anajua hayo. Nikamwuliza yeye kama alimsomea. Siku iliyofuata alirudi Laini Saba, akamsomea nyanya fomu nzima kwa Kinubi na Kiswahili, na bibi yule, kwa mujibu wa kijana, alisema kwamba kidole chake hakikukosea lakini ni vyema kwamba sasa kinajua kilichokifanya.

Nilitia sahihi. Nilifanya hivyo nikijua ni kiasi gani ningeweza kudaiwa, nikijua nyumba yao iko wapi, na tukiwa tumekubaliana kwamba atanionyesha hesabu ya mkopo kila mwaka. Nakala yangu niliiweka katika sanduku la bati lililo chini ya kitanda, pamoja na cheti changu cha ndoa.

Kijana alihitimu mwaka wa 2023. Hajapata kazi ya kudumu. Anafanya vibarua vya hapa na pale, kwa hivyo hakuna mwajiri wa kumkata. Hulipa mwenyewe, na kila mwisho wa mwezi hunitumia picha ya risiti kwa simu. Mwezi uliopita picha ilichelewa siku mbili. Mke wangu ni shahidi kwamba usiku wote mbili sikulala vizuri.